Mbwa Aliyekuwa na Mama Wengi

Kulikuwa na mwanamke mmoja kule juu kwenye baridi, mahali watu wanachuma chai asubuhi na kuchimba viazi jioni. Jina lake silitaji, nikilitaja kuna shingo humu ndani zitageuka. Wenzake walimwita Mama Ngome, na huyo Ngome hakuwa mwanawe wa kumzaa. Alikuwa mbwa. Msicheke bado.

Mama huyu alifuga kondoo. Zamani walikuwa wengi, lakini fisi wa msitu wa juu aliijua njia ya zizi lake vizuri kuliko wazee wa kanisa wanavyoijua njia ya jikoni ibada ikiisha. Kila kiangazi anashuka, anachukua. Mumewe akazungushia zizi miiba, fisi akachimba chini yake. Wakaweka mbwa wawili wa kawaida, hawa wetu wenye mkia wa kujikunja. Fisi akala kondoo, akamla na mbwa mmoja. Yule wa pili akahama bila kuaga, yuko kwa watu mpaka leo. Na kondoo hao ndio waliomsomeshea watoto, ndio tegemeo lake la uzeeni. Akawatazama waliobaki wamejibanza kwenye kona ya zizi, akajiambia, "Huyu fisi akinikuta hivi hivi, nitabaki na kamba na kengele."

Akasikia kwamba masista wa ng'ambo ya bonde wana jike la mbwa, asili yake mbali, kubwa kama ndama, na limezaa. Akafunga kanga kiunoni, akashuka bonde, akapanda upande wa pili. Akampata sista mmoja mtu mzima, ndiye mwenye mbwa. Sista akamtazama viatu vyenye tope, akamtazama usoni.

"Mtoto wa mbwa nitakupa, mama. Lakini kungoja unaweza?"

"Kungoja nini, sista?"

"Kungoja akue. Huyu atakuja kuwa mzito kuliko mumeo. Mbwa mdogo anakomaa upesi, huyu hapana, atakwenda mwaka na nusu, pengine miwili. Ukimlisha ili aharakishe, nyama itatangulia na mfupa utabaki nyuma. Mzigo wa mtu mzima juu ya mfupa wa mtoto, unadhani mguu utafanya nini?"

"Utapinda."

"Utapinda. Basi mpe chakula kwa kipimo, asubuhi, mchana na jioni, kisha ondoa sahani, hata akikulilia. Ukimpapasa ubavuni uzihesabu mbavu kwa vidole. Akiwa mwembamba kidogo, shukuru. Unga wa mifupa usimpe. Madini ya ng'ombe usimpe. Chokaa, mkate, makombo, usimpe. Na asikimbizwe mlimani wala asiruke kuta mpaka nikuambie."

"Sista, huo si ukatili?"

"Utaona ukatili ni upi," sista akasema, akamwekea mtoto wa mbwa kifuani. Mtoto mwenyewe alikuwa na miguu mikubwa kama mikate ya mviringo, amelala, hana habari.

Sasa, watu wa kule mnawajua? Ni watu wema. Ukifiwa, kuni zinafika kwako kabla machozi hayajakauka. Lakini wana ugonjwa mmoja: nguruwe. Kule kila nyumba ina nguruwe, na sifa ya mwanamke ni nguruwe wake amenenepa upesi kiasi gani. Pumba, mashudu, viazi vya kuchemsha, ndani ya miezi michache mnyama hawezi kugeuka bandani. Sifa! Na mizani yao ni ile ya kituo cha majani ya chai. Chai ikishapimwa, karani akikaa vizuri, watu wanatundika pale kwenye ndoano kila walicho nacho. Nguruwe wanatundikwa. Mtoto mchanga, kabla hajaenda kliniki, amekwisha kutundikwa. Nasikia kuna bwana harusi alitundikwa, lakini hayo tuyaache.

Basi Ngome naye siku moja akatundikwa. Mama Ngome alikuwa anafunga kikapu chake, kugeuka, mbwa yuko hewani anapigapiga miguu, na kina mama wamezunguka mizani.

"Kamwene, Mama Ngome," akamsalimu mwenyekiti wa kina mama wa kanisa. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mwenye moyo mweupe na sauti ya kuita kijiji kizima. "Huyu mtoto wako ana minyoo, au ana mama wa kambo?"

"Hana minyoo. Mshusheni."

"Mbavu hizi hapa! Nikipitisha kidole zinapiga muziki. Sisi tunaliombea mvua shamba lako, kumbe wewe nyumbani una mtu anafunga bila kupenda."

"Ndivyo anavyotakiwa kukua."

"Nani kasema?"

"Sista."

"Sista!" akadakia mke wa karani wa mizani. "Sista alimlea nani? Mimi nimelea saba, hakuna aliyepinda. Mtoto ni kula, mwenzangu. Mpe na unga wa mifupa kidogo, si mifupa ndiyo inataka kukua?"

Kweli, ukisikiliza hivi, nani ana akili? Mifupa inakua, mpe unga wa mifupa. Si ndivyo sisi sote tungesema? Mama Ngome mwenyewe aliona neno lile limekaa vizuri, likamwingia. Lakini akamkumbuka fisi. Akamshusha mbwa, akamfuta vumbi, akasema, "Nilimchukua asimame mbele ya fisi. Sikumchukua kwa ajili ya mizani yenu." Akaenda zake, na nyuma yake akasikia, "Ehe! Kasikieni hako ka-ubahili kanavyojua kujibu."

Akafunga meno. Asubuhi anapima kikombe cha bati, mchana anapima, jioni anapima. Ugali wa dona, utumbo uliochemshwa, mboga kidogo, dagaa wa kiasi, alivyopangiwa. Mbwa akimaliza anamtazama kwa yale macho. Mnayajua macho ya mbwa? Mbwa akila akashiba bado anaweza kukutazama kama vile mara ya mwisho alikula kwa babu yako. Mama Ngome anageuza uso, anaondoa sahani. Mumewe, mtu mpole, asiye na maneno, anatoka nje asione.

"Mke wangu," siku moja alithubutu, "hata kaukoko?"

"Hata harufu ya ukoko."

Likatokea jambo. Yeye anapima vilevile, mbwa anavimba. Mbavu alizokuwa anazihesabu kwa vidole, zikapotea. Tumbo likawa duara. Akapunguza kipimo, mbwa akaongezeka. Akafunga stoo kwa kufuli, akidhani panya wanamwaga pumba na mbwa anazilamba, mbwa akaongezeka. Akapunguza tena, na mwanamke kumnyima kiumbe chakula si jambo jepesi, jamani. Mbwa akaendelea kung'aa na kuviringika. Na kituoni wenzake sasa wakawa wanamsifu! "Naona umesikia ushauri." Mwenyekiti alikuwa anamtazama Ngome kwa tabasamu la mtu anayejua kitu.

Halafu asubuhi moja alimwita Ngome, na Ngome hakuja. Alimkuta kwenye gunia lake anajaribu kuinuka. Anainua nyuma, mbele kunakataa. Aliposimama, miguu ya mbele ilikuwa imepinda kwenye vifundo, vidole vinatazama nje, huku na huku, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Akapiga hatua moja, akalia. Ngazi ya mlango, ambayo kuku anairuka, ikamshinda.

Mama Ngome hakulia. Alimpakia kwenye mkokoteni wa viazi, akausukuma mwenyewe bondeni na kuupandisha ng'ambo. Mumewe akajitolea, akakatazwa. Alikuwa na hasira ambayo haikutaka msaidizi.

Sista alimpapasa mbwa kimya. Akamkandamiza kifundo, mbwa akapinda shingo kwa maumivu.

"Amekula kupita kiasi, muda mrefu. Na amepewa madini. Nani anamlisha?"

"Mimi peke yangu."

"Basi mama, ama unaniongopea, ama huyu mbwa ana mama wengi."

Neno hilo likaanza kumwingia Mama Ngome polepole. Saa zile anachuma chai, mbwa hubaki anazurura uani. Ua wenyewe una matundu.

"Atapona?"

"Mfupa bado una ulaini. Mkiacha kumlisha hivyo leo, si kesho, unaweza kunyooka, wote au nusu. Mkiendelea hivi mwezi mmoja, usiniletee mbwa, niletee habari tu."

Jumamosi yake, kina mama wote walikuwa kituoni wamekaa juu ya vikapu wakingoja lori la chai. Mama Ngome akaja na mbwa kwa kamba. Mbwa anachechemea, anasimama, anachechemea.

"Nina swali moja," akasema. "Nani amekuwa akimlisha huyu?"

Uuu! Hakuna aliyewahi kuona uso mtakatifu kama nyuso za siku ile. Mke wa karani akatazama mawingu. Mwenyekiti akaweka mkono kifuani.

"Mama Ngome, mwenzangu, mbwa wa mtu? Mbele za Mungu? Sisi tuna watoto wetu, tuna nguruwe wetu."

"Hakuna hata mmoja?"

"Labda watoto wa shule," akasema mwimbaji mmoja wa kwaya, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa kwaya.

Mama Ngome hakubishana. Aliinama, akafungua kamba.

Mbwa akainua pua. Akaenda moja kwa moja kwa mke wa karani, akatia kichwa chote chini ya kanga yake, akatoka na kiazi kitamu cha kuchemsha. Mke wa karani akasema, "Sijui kimeingiaje." Mbwa akamwendea yule wa kwaya, akaketi mbele yake, akamnyooshea mguu wa kulia, kwa adabu, namna anavyofundishwa mbwa na mtu aliyekaa naye siku nyingi. Akaenda kwa wa tatu, kwa wa nne. Wengine walikuwa hawajuani. Kila mmoja alimtazama mwenzake, mdomo wazi, kama mke anayekutana na mke mwenzake msibani. Kisha akaufikia mguu wa mwenyekiti, akaanza kumlamba viganja, akilia kwa furaha, na mwenyekiti anamsukuma kwa goti, anamnong'oneza, "Toka! Danieli, toka, watu wanaona!"

Danieli! Alikwisha kumpa na jina. Ndani ya kikapu chake, chini ya chai, ulikuwepo mfuko wa unga wa mifupa na maziwa kwenye chupa ya soda.

Watu wakacheka, hata karani akashika mizani asianguke. Lakini Ngome alikuwa hajamaliza. Akapita kina mama, akapita vikapu, akaenda nyuma ya kibanda walikosimama wanaume, akasimama mbele ya mfuko wa koti la mtu mmoja, akautazama ule mfuko kwa imani. Mume wa Mama Ngome akafumba macho.

"Ni ukoko tu," akasema.

Kicheko kikavuma mpaka mashambani. Hapo ndipo mwenye mbwa alipoita, taratibu, "Ngome." Mbwa akasikia sauti yake. Akageuka, akataka kumkimbilia, mbio za mtoto. Hatua ya kwanza. Ya pili. Miguu ya mbele ikafungana chini yake, akaanguka kifudifudi kwenye tope, taya likapiga jiwe, na sauti aliyotoa iliwafanya watoto waliobebwa migongoni walie.

Hakuna aliyecheka tena.

Mama Ngome akawatazama mmoja mmoja. Alikuja na maneno makali, alikuwa ameyapanga njiani kote. Alikuja kumtafuta adui. Akazunguka na macho yake uso kwa uso, mpaka akafika kwa mumewe, na adui hakumwona. Pale hapakuwa na mtu aliyemchukia mbwa yule. Wote waliomvunja walimpenda.

Akapiga magoti, akampakata yule mbwa mzito na tope lake. "Mnaompenda," akasema, "njooni nyumbani kila siku. Kaeni naye. Ila mje na mikono mitupu. Atakayeshindwa kuja na mikono mitupu, akae kwake, kwa sababu fisi sitamwogopa tena kama ninavyomwogopa huyo."

Walikuja, kwa aibu, lakini walikuja. Wiki za kwanza Ngome alilia kwenye ua hadi akapoteza sauti. Mwenyekiti alikuwa anaketi kwenye kigoda, amekalia mikono yake mwenyewe, machozi yanamtoka, anasema, "Danieli, mwanangu, siwezi, nimekatazwa." Miguu ikaanza kurudi. Kiangazi kikaingia kabla hajakomaa, fisi akaja. Na Mama Ngome akafanya nini? Akamfungia mbwa ndani! Fisi akachukua kondoo, watu wakasema, "Sasa mbwa wa nini?" Akawajibu, "Wa mwakani." Akapima kikombe chake cha bati, akaendelea.

Mwakani, fisi alipokuja alfajiri, mlango ulikuwa wazi. Mguu mmoja wa Ngome ulikuwa umebaki na kona, ule haukunyooka wote mpaka anakufa. Lakini fisi hakupata nafasi ya kuuona. Aliona kitu kinainuka kando ya zizi, na kikawa bado kinainuka, na hakungoja kimalize.

Sasa, wapendwa, nigeukieni vizuri, na wewe wa nyuma acha simu.

Yupo ndugu kati yetu aliyeokoka wakati wa kupanda viazi. Mnamjua, tulishangilia wote, maana pombe ilikuwa imemmeza. Viazi vile havijatoa hata maua. Na sisi tumemfanya nini? Amekwisha kutoa ushuhuda katika misiba mitatu, harusi, na mkutano wa wilaya. Jumatatu mmoja wenu amemwambia ana upako. Jumatano mwingine amemnunulia suti. Juzi nimesikia, na mnajua mimi nasikia, kwamba kuna kamati imekaa kimyakimya kumpa mahubiri ya Pasaka, na kila mwanakamati anadhani wazo ni lake peke yake. Tumemtundika kwenye mizani yetu, tunamsifia uzito. Kuna aliyemuuliza anasali vipi akiwa peke yake? Kuna aliyemuuliza jioni zake zinakwendaje, kile kilabu kikiwa pale pale njiani?

Nanyi mtaniambia, "Bibi, sisi tunampenda." Najua mnampenda! Ndicho kinachonitisha. Shetani akimjia na chupa, atamtambua, wanafahamiana. Lakini akija mwenyekiti na makofi chini ya chai, atamtambuaje?

Mtu aliyeitwa kwa jambo kubwa hakui haraka, na Mungu wala haoni haya kwamba anachelewa. Musa alichunga mifugo ya mkwewe mpaka ndevu zikabadilika rangi. Sisi ni nani tumwambie Mungu mbavu zinaonekana? Tumngojee ndugu yetu. Ajue kusoma Neno lake kwa kipimo, asubuhi, mchana, jioni. Aanguke katika mambo madogo akiwa bado mdogo, chini pana nyasi. Na kama kiangazi hiki fisi atachukua kitu kwa sababu hatujamtoa ndugu yetu nje, basi achukue, tutavumilia, tutasema ni wa mwakani.

Ile kamati nimeivunja. Msinitazame hivyo, mchungaji anajua. Pasaka atahubiri yule yule mzee anayetulaza usingizi kila mwaka, na ndugu yetu ataketi benchi la tatu, pembeni ya dirisha. Mkipita, msalimieni. Ulizeni hali ya watoto wake. Halafu mwacheni akae.